Zulia kwenye Varanda Yenye Wavu

Mwezi wa tatu unapoelekea ukingoni, kaskazi imeshalegea na kusi haijaingia, nyumba za pwani hupita katika majuma magumu kuliko yote ya mwaka. Hewa husimama. Nguo iliyoanikwa asubuhi, ukiishika jioni bado ina ubaridi. Chumvi ya mezani hugeuka tope ndani ya kichupa chake, na mlango wa mbao huvimba hata ukagoma kufunga. Ndipo hapo zulia lililotandikwa varandani linapoanza kunuka. Mwenye nyumba hulifua, hulianika, hulirudisha mahali pake. Baada ya siku chache uvundo umerudi, na akilifunua hukuta sakafu imelowa na upande wa chini wa zulia umejaa madoa meusi ya kuvu.

Wengi hudhani kosa ni uchafu, au kwamba mwenye duka aliwauzia zulia bovu. Mara nyingi si hili wala lile. Zulia hilohilo likitandikwa sebuleni Dodoma au Nairobi litakaa miaka bila harufu. Kinachotofautiana ni hewa, sakafu, na muda ambao sakafu na zulia vimeachwa vikiwa vimegandamana pasipo nafasi ya upepo kupita kati yake. Sura hii ina jambo moja la kusema, nami nalisema mapema: katika nchi ya unyevu, kitu cha sakafuni ni cha kutandikwa na kukunjwa. Bibi zetu wa pwani waliishi hivyo karne nyingi, na elimu ya unyevu inawaunga mkono hatua kwa hatua. Tulilolifanya sisi ni kuleta zulia lililobuniwa kulala mahali pamoja mwaka mzima, tukalitia katika hali ya hewa isiyoruhusu kitu chochote kulala mahali pamoja kikabaki kikavu.

Tuanze na wavu. Baraza la kale la pwani, kama daka la nyumba za Lamu au kibaraza cha saruji cha nyumba za Kariakoo, lilikuwa wazi. Mtu aliketi nje, akaona njia na wapitao wakamwona. Siku hizi, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Mbweni, Mbezi na Kigamboni, wajenzi wengi huizungushia varanda wavu wa mbu kutoka sakafuni hadi darini na kuifanya sebule ya pili. Watoto hufanyia kazi za shule hapo, wazee hupumzika hapo, futari ya Ramadhani huliwa hapo. Ni mabadiliko mema. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet uligundua kwamba upungufu wa damu, ambao malaria iletwayo na mbu huusababisha, ulikuwepo kwa asilimia 12 ya watoto wa nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa mianya ya paa, wakati katika nyumba zisizo na wavu ulikuwepo kwa asilimia 19. Kwa hiyo hakuna ushauri wowote humu wa kuung'oa wavu. Wavu ubaki.

Lakini wavu una gharama yake. Kila uzi wa wavu unaukata upepo, na kadiri matundu yanavyokuwa madogo ndivyo upepo unavyodhoofika. Baada ya mwaka mmoja karibu na bahari, matundu yenyewe huanza kuziba kwa vumbi lililogandishwa na chumvi ya hewani, na varanda iliyokuwa ikipitisha pepo mbili za msimu hubaki na hewa nzito iliyotuama. Jua nalo halifiki sakafuni, kwa sababu varanda ina paa. Hivyo mahali palipokuwa na upepo na jua, vitu viwili vikaushavyo kila kitu duniani, sasa pana kivuli na utulivu. Kabla mtu hajafikiria zulia, na auoshe wavu wake kwa brashi laini, sabuni na maji baridi, walau mara mbili kwa mwaka: mwisho wa masika na mwisho wa kaskazi. Wenye umeme wa uhakika wafunge pangaboi. Feni ya darini inayozunguka polepole kwa saa mbili baada ya mvua huikausha sakafu kuliko dawa yoyote ya dukani.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, maana watu hushangaa yanatoka wapi ilhali paa halivuji. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Ikipoa, hufika mahali ambapo haiwezi tena kuubeba mzigo wake wote, na unaozidi hugeuka maji. Chukua asubuhi ya masika Unguja, kisiwa kinachopata mvua ya wastani wa milimita 1,600 kwa mwaka: joto ni nyuzi 30, unyevu wa hewa ni asilimia 80. Hewa ya namna hiyo huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26 au pungufu. Sakafu ya zege iliyo kivulini, juu ya ardhi iliyopozwa na mvua ya usiku kucha, hufika nyuzi hizo pasipo taabu. Ndipo watu wanaposema sakafu inatoa jasho. Maji hayo hayakupanda kutoka chini wala hayakudondoka kutoka juu. Yametoka katika hewa unayoivuta.

Wala si lazima mambo yafike kwenye jasho. Sakafu ikiwa na nyuzi 28, hewa ileile inapoigusa hupoa kidogo, na unyevu wake pale pale sakafuni hupanda hadi karibu asilimia 90. Hutaona tone hata moja. Lakini kuvu haihitaji tone. Ikipata unyevu unaozidi asilimia 80 kwa siku kadhaa mfululizo, pamoja na chakula kidogo, inaota. Zulia nalo huzidisha tatizo kwa njia ambayo wachache huifikiria: linaizuia hewa ya joto isiipashe sakafu, hivyo sakafu iliyofunikwa hubaki baridi kuliko ile iliyo wazi, lakini halizuii mvuke kupenya. Mvuke unashuka kupitia nyuzi za zulia, unafika penye ubaridi, unabaki huko. Ndiyo sababu pembeni mwa varanda kukawa kukavu na chini ya zulia kukawa na majimaji siku hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa bara hawalazimiki kulifikiria, nalo ni chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu unapovuka asilimia 75. Chini ya hapo hukaa kavu, juu ya hapo huyeyuka yenyewe. Pwani, usiku na alfajiri, hewa huvuka kiwango hicho karibu mwaka mzima, na mara nyingi hufika asilimia 90 na zaidi. Maana yake ni kwamba popote chumvi ilipojificha, hapo patalowa kila usiku hata kama hakuna aliyemwaga maji. Na chumvi hujificha pengi. Inaletwa na upepo wa bahari. Inaletwa na miguu ya watoto waliotoka kuogelea. Imo ndani ya sakafu yenyewe endapo fundi alichanganya saruji na mchanga wa ufukweni, tabia ambayo bado ipo licha ya makatazo, kwa sababu mchanga wa mtoni huletwa kwa gari kutoka mbali na ni wa bei.

Halafu kuna njia ambayo mwenye nyumba huitia chumvi ndani ya zulia kwa mikono yake mwenyewe, akidhani analisafisha. Sehemu nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hutegemea visima vyenye maji ya chumvichumvi. Zulia likifuliwa kwa maji hayo na kuanikwa, maji huondoka na chumvi hubaki katikati ya nyuzi. Likikaushwa kwenye jua la saa saba litaonekana limekauka kabisa. Likirudishwa varandani, saa nne usiku limeanza kunywa tena. Mwenye nyumba atalifua upya kwa maji yaleyale, na kila afuapo anaongeza chumvi. Dawa yake ni rahisi: fua kwa maji ya kisima ukipenda, lakini suuzo la mwisho liwe la maji baridi ya bomba au ya mvua, mengi, yapite ndani ya zulia hadi yatoke chini. Mvua ya masika inayotiririka kutoka paani ni suuzo bora, na haina bili.

Wazee wa pwani hawakuwa na namba hizi, lakini walikuwa na mkeka, na mkeka una majibu mengi kuliko mazulia yaliyokuja baadaye. Mkindu hukatwa makuti yake machanga, yakaanikwa mpaka yakageuka rangi, yakachanwa vipande vyembamba, mengine yakachemshwa na rangi. Kisha mwanamke huketi akasuka ukili: utepe mrefu wa upana wa vidole viwili vitatu, unaoongezeka kidogo kidogo kila jioni, huku mazungumzo yakiendelea na mchele ukiwa jikoni. Kili zikitosha, hushonwa ubavu kwa ubavu hadi ukapatikana mkeka. Pemba na Rufiji bado zinatoa mikeka ambayo mtu anaweza kuitambua kwa mbali kwa mapambo yake. Miyaa, ambayo Watanzania wengi wa pwani ya bara huiita milala, ni migumu zaidi na ndiyo ifumwayo majamvi, yale matandiko mazito ya misikitini, matangani na arusini.

Hebu utazame mkeka kwa jicho la mtu anayepambana na unyevu. Ni mwembamba, hauna manyoya ya kuhifadhi maji. Uso wa kuti una nta ya asili inayofanya tone litelezee pembeni. Kati ya ukili na ukili kuna mishono, na katika mishono hewa hupita. Hauna mpira wala sponji upande wa chini. Ni mwepesi, mtoto wa miaka 8 anaweza kuukunja na kuubeba. Na hili la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu desturi nzima ya mkeka imejengwa juu yake. Mgeni akibisha hodi, mkeka unatandikwa. Mgeni akiaga, mkeka unakung'utwa, unakunjwa, unasimamishwa nyuma ya mlango au unatundikwa juu. Mkeka wa kulalia huamka na mwenyewe. Kitanga cha chakula huondoka na sahani. Msala hukunjwa baada ya salamu. Hapakuwa na mkeka wa nyumba ya heshima uliolala sakafuni usiku kucha bila mtu juu yake, na kama ulikuwepo, mchwa walijua kabla ya mwenye nyumba.

Tunapaswa kuitazama desturi hiyo kwa heshima inayostahili. Wengine huielezea kana kwamba ilikuwa ni ya umaskini, ya watu waliokosa viti. Lakini nyumba za mawe za Lamu, za watu waliokuwa na vyombo vya kauri kutoka China katika vidaka vya ukutani, nazo zilitandika mikeka na kuikunja. Walikuwa na uwezo wa kutandika vingine. Walichagua kilichofaa.

Ukindu nao una mipaka yake. Kingo zile zilizochanwa hazina nta, na hapo ndipo maji yanapoingia na madoa ya kijivu yanapoanzia. Mkeka ukilowa haufai kuanikwa jua kali siku nzima, kwa kuwa hukakamaa, ukavunjika kwenye mikunjo na rangi zikafifia. Uanike kivulini penye upepo, umesimama au umetundikwa kwenye kamba, pande zote mbili zipate hewa. Usiutie dawa ya klorini. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi.

Mkonge ni habari ndefu zaidi, na kwa Mtanzania ni habari yenye uchungu kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Pangani ikiwa hai na kuota ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha ikaja kamba ya plastiki, soko likaporomoka, na Tanga ikabaki na magofu ya viwanda. Leo mazulia ya mkonge yamepata wapenzi wapya, yanapendeza, yana rangi ya nyasi kavu inayokaa vizuri na fanicha za mbao. Napenda mkonge na ningependa kila nyumba ya nchi hii iwe nao. Lakini kwenye varanda yenye wavu hapa pwani haufai. Nyuzi zake hunywa unyevu wa hewa, zikavimba, zikasinyaa, na zulia likajikunja pembe. Maji yakimwagika huacha doa la kahawia lisilotoka. Mkonge uwekwe chumba cha ndani kikavu, au upelekwe Iringa, Arusha na Nakuru, ambako utaishi umri wake wote.

Makumbi ya nazi ni kinyume chake. Wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani huyafukia makumbi kwenye mchanga wa ufuko unaofunikwa na maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa, wakayaacha miezi kadhaa, kisha wakayafukua na kuyapiga kwa magongo mpaka zikabaki nyuzi za kusokota kamba. Uzi uliokaa baharini miezi yote hiyo bila kuoza hauogopi masika. Kilicho ndani yake ni lignini nyingi, kile kinachoufanya mti uwe mgumu. Kwa mlangoni, pa kufutia miguu, hakuna bora kuliko makumbi. Kwa kuketia yanachoma, na mtu asiyaweke mahali pa mtoto anayetambaa.

Sufu na pamba nitavipitia haraka. Sufu ya kondoo inaweza kunywa maji hata theluthi moja ya uzito wake bila mkono kuhisi kwamba imelowa, na ndiyo maana zulia la sufu varandani hudanganya: linaonekana kavu huku limejaa. Pamba hulowa waziwazi na kuoza mapema. Mazulia ya manyoya marefu, ya nyuzi zozote ziwazo, yana tatizo jingine: ni makazi ya wale wadudu wadogo wa vumbi wasioonekana kwa macho, ambao hawanywi maji bali huchukua unyevu kutoka hewani, na hustawi sana palipo na asilimia 70 na kuendelea. Nyumba yenye mtu wa pumu isiwe nayo, ndani wala nje.

Inabaki plastiki. Mazulia mengi yanayouzwa leo kama ya nje, pamoja na ile mikeka ya plastiki ya rangirangi inayojaza maduka ya Kongowea na Kariakoo, yamefumwa kwa polipropilini. Mwitaliano Giulio Natta aliitengeneza Milano mwaka 1954, na mwaka 1963 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Ni plastiki nyepesi kuliko maji, hivyo huelea, na uzi wake hauwezi kunywa maji hata sehemu moja katika mia. Ndiyo ileile iliyoiangusha kamba ya mkonge. Adui yake mkubwa ni jua: ikiachwa uani bila kivuli hukauka, ikapasuka, ikamwaga unga wa rangi. Lakini varanda ina paa, na kivuli kilekile kinachozuia sakafu kukauka kinaulinda mkeka wa plastiki. Kwa matumizi ya kila siku kwenye varanda yenye wavu, hiki ndicho kitu ninachokipendekeza, pamoja na mapenzi yangu yote kwa ukindu.

Hata hivyo mtu asidanganyike kwamba plastiki haioti kuvu. Kuvu haili plastiki, ni kweli, lakini inakula vilivyoko juu yake: makombo ya sambusa, mchuzi wa futari, mafuta ya ngozi za watu, vumbi. Ikiwa kuna chakula na unyevu, mkeka uwe wa plastiki au wa dhahabu haijalishi. Angalia pia upindo. Mikeka mingi ya plastiki imezungushiwa utepe wa kitambaa, na huo hunywa maji na kuoza ilhali mkeka wenyewe bado mzima. Chagua uliopindwa kwa plastiki au uliochomwa kingo. Ugeuze uone upande wa chini: ukikuta mpira, sponji au gundi nyeupe iliyopakwa kwa wingi, uache dukani. Uinue mbele ya mwanga. Ukiona vitundu vya mwanga kati ya nyuzi, hewa itapita. Kwa sababu mkeka mwepesi huteleza kwenye marumaru, na mzee akianguka nyonga inavunjika, weka chini yake wavu wa mpira wenye matundu makubwa, ule wa kuzuia kuteleza, usiweke karatasi nzima ya mpira.

Namna ya kuutandika ina uzito sawa na namna ya kuuchagua. Usifunike sakafu yote. Acha ukanda wa nusu mita au zaidi kila upande, hasa upande wa wavu ambako mvua ya kusi hurushwa ndani, ili sakafu ipate kukauka na ili uone inapolowa. Mikeka miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa, kwa kuwa midogo hukunjwa na mkubwa husubiri msaidizi. Usiweke juu yake meza nzito ya miguu mingi ambayo itakuwa kisingizio cha kutouinua. Watu wa udhu hupita na miguu yenye maji mara tano kwa siku. Wawekewe kizulia cha makumbi mlangoni, mkeka usiwe taulo lao. Kila usiku, wa mwisho kwenda kulala aukunje nusu, au autundike kwenye kiti. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Wakati wa masika, mkeka usilale sakafuni kabisa usiku, na mara moja kwa juma utolewe uani ukung'utwe na kupigwa jua la asubuhi, nayo sakafu ifagiliwe na kupigwa deki kwa maji machache, iachwe wazi mpaka rangi yake iwe moja.

Kuvu ikishaingia, kwenye plastiki na kwenye saruji dawa ni kusugua kwa sabuni kwanza, ndipo uifute kwa klorini iliyopunguzwa kwa maji, uiache dakika kumi, usuuze. Sabuni ni ya kwanza kwa sababu klorini ikikuta uchafu humaliza nguvu yake hapo. Kamwe usichanganye klorini na siki wala na dawa ya choo yenye tindikali. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na varanda yenye wavu haina upepo wa kutosha kukuokoa. Zulia la kitambaa lenye kuvu iliyofika upande wa pili halitibiki. Litupwe, na lisigawiwe kwa mtu mwingine.

Kabla ya yote haya, kabla hata hujaenda dukani, kuna uchunguzi mmoja ambao kila mwenye varanda anapaswa kuufanya, na unagharimu kipande cha karatasi nene ya nailoni. Kikate cha mraba, kama nusu mita kila upande. Kitandaze juu ya sakafu kavu, ubandike kingo zote nne kwa utepe wa gundi pasibaki mwanya, uache siku moja na usiku wake. Kisha utazame. Matone yakiwa juu ya nailoni, maji yako yanatoka hewani, na kila ulichosoma humu kuhusu upepo, chumvi na kukunja kitakusaidia. Matone yakiwa chini ya nailoni, au sakafu iliyofunikwa ikiwa imegeuka rangi nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini kupitia zege, kwa sababu fundi alimwaga sakafu bila kutandika nailoni chini yake, au kwa sababu maji ya paa yanamwagwa kwenye msingi.

Anayejenga leo adai nailoni hiyo itandikwe mbele ya macho yake, kipande juu ya kipande, kabla zege halijamwagwa. Ambaye nyumba yake imeshasimama aweke mabati ya kukinga maji ya paa, apeleke maji mbali na ukuta, na achimbe mfereji wenye kokoto upande wa juu wa kiwanja. Fedha uliyoitenga kwa zulia ipeleke huko kwanza. Hakuna zulia, la ukindu wala la plastiki, litakalokauka juu ya sakafu inayolowa kutoka chini.